Barua ya kuacha kazi ninayo tayari, niitoe?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 37, ni meneja wa fedha kwenye kampuni kubwa tu, mshahara mzuri sitaki kudanganya, bima ya familia nzima, gari la ofisi, bonasi kila mwaka. Shida nimechoka, yaani vikao vya kupanga vikao vingine, na jumapili jioni ikifika tumbo linaanza kuuma. Nataka nijiajiri, niwe nawafanyia hesabu wafanyabiashara wadogo wasioweza kumweka mhasibu wa kudumu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, ina miezi minne kwenye laptopu. Mke wangu sijamwambia, nasubiri nikiwa na uhakika. Akiba ipo ya kama miezi mitano. Washkaji wananiambia jitose tu, ukiogopa hutoki. Niitoe barua au nivumilie?
Tumbo la Jumapili

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja sijakiona. Umenitajia gari, bima, bonasi, tumbo, na hao washkaji (ambao nahisi wote bado wameajiriwa, au nakosea?), lakini mteja hata mmoja hujanitajia. Hakuna duka, hakuna fundi, hakuna mtu yeyote aliyekwambia nifanyie hesabu zangu nikulipe. Ndo maana barua imekaa miezi minne, unadhani ni uoga kumbe moyo unajua huko unakoenda bado hakuna mtu anayekusubiri.

Ya mke nayamaliza haraka. Mwambie leo. Hiyo akiba ni ya kwenu wote, na mwenye kujua kweli nyumba inakula kiasi gani kwa mwezi pengine ni yeye, wewe miezi mitano umeipigia hesabu ya kichwani halafu unajiita mtu wa fedha!

Haya. Yule Phil Knight wa Nike ni mhasibu mwenzio. Biashara ya viatu aliianza 1964, na miaka yote hiyo akawa anafanya uhasibu kwa watu, baadae akafundisha chuo, mpaka 1969 ndo akaacha akaingia kwenye viatu moja kwa moja. Miaka mitano! Sisemi na wewe ukae mitano, nasema hakuna aliyekupangia kwamba lazima uruke siku moja kutoka huku mpaka kule. Tafuta wateja wawili, wasiwe ndugu wala rafiki, watu ambao kazi ikiwa mbaya hawatakuonea haya, uwafanyie wikendi na wakulipe bei kamili. Bei ya kirafiki haikufundishi kitu.

Ila kabla ya hapo toa mkataba wako wa kazi uusome taratibu, maana mingi ina kipengele cha kukukataza kufanya kazi nyingine pembeni au kuchukua wateja wa kampuni ukishaondoka, na kama kipo unaomba ruhusa kwa maandishi, usijifiche. Steve Wozniak alivyobuni kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976 alikuwa ameajiriwa Hewlett-Packard, na aliwapelekea wao kwanza, wakaikataa, ndo akawa huru nayo. Angalia pia notisi yako ni ya muda gani na bonasi inalipwa mwezi gani, kuna kampuni ukishatoa notisi tu bonasi huioni, na itakuwa ujinga kuondoka wiki tatu kabla. Na kama una mpango wa mkopo wa nyumba, jua kwamba benki inapenda slipu za mshahara, aliyejiajiri mara nyingi anaombwa hesabu za miaka miwili hivi, lakini usije ukakopa leo halafu ukaacha kazi kesho, hilo deni litakukimbiza kuliko bosi.

Sasa bei, hapa ndo wengi tunaumia. Mtu anachukua mshahara wake wa mwaka anaugawa kwa siku za kazi anapata bei yake ya siku. Mwaka una siku 365, toa wikendi 104 zinabaki 261. Kazini hizo zote unalipwa hata ukiumwa. Ukijiajiri toa sikukuu, likizo na kuugua, tuseme 30, zinabaki 231. Katika hizo, kwangu mimi kama theluthi inaishia kutafuta wateja, kuandika ankara, kufuatilia hela na kusikiliza watu ambao mwisho wanasema "tutakutafuta". Siku za kulipwa zinabaki kama 150. Kwa hiyo gawa mshahara kwa 150, halafu juu yake weka bima, pensheni ambayo mwajiri alikuwa anakuchangia, laptopu yako mwenyewe, na kila hela ikiingia kodi itenge siku hiyo hiyo. Utakuta bei inakaribia mara mbili ya uliyoifikiria. Kama hakuna mtu wa kulipa hiyo bei basi bora ujue sasa hivi.

Mimi nilivyoacha kazi miaka kumi na moja iliyopita nilijiona mjanja, nina mteja mmoja mkubwa analeta karibu kazi yote. Jamaa mkataba unasema siku 30, wanalipa siku 90, na siku wakibadilisha meneja wakaniambia asante. Kumbe sikuwa nimejiajiri, nilikuwa na bosi yule yule bila bima. Sasa hivi mteja mmoja akifika theluthi ya mapato yangu naanza kutafuta wengine.

Na hilo tumbo. Chukua likizo wiki mbili, usiguse imeili. Ukirudi ukakuta hamu ya kujiajiri haipo tena, basi uliyekuwa unamkimbia ni bosi wako tu, na dawa ya bosi ni kuhama idara au kampuni.

SWALI: Shangazi, mimi nilishaacha, mwezi wa nane huu. Nina mteja mmoja mzuri na wengine wanakuja wanapotea, akiba imebaki ya mwezi. Kampuni nyingine imeniita lakini naona aibu, nilivyoaga ofisini nilikata hadi keki.
Mkata Keki

JIBU: Keki ilishaliwa mwanangu, hakuna anayeikumbuka. Nenda kwenye usaili wiki hii, usisubiri akiba iishe maana mwenye njaa anakubali mshahara wowote. Na huyo mteja mmoja mzuri usimwachie, kabla hujasaini waulize kama wanakuruhusu ubaki nae, na jibu lao liandikwe kwenye mkataba.