Maswali ya Wasomaji: Ukungu, futi 200 na mita 550

SWALI: Mhariri, ile ndege ndogo ya abiria iliyopinduka uwanja wa Cork, Ireland, tarehe 10 Februari 2011, injini zake zilikuwa zinafanya kazi na marubani walijua fika kuna ukungu. Sasa ilianguka kwa nini? Na walijaribuje kutua mara tatu?

JIBU: Ndege hiyo, Fairchild Metro III, ilitoka Belfast na abiria 10 na marubani 2. Waliofariki ni 6, marubani wote wawili wakiwemo.

Ukungu peke yake hauangushi ndege. Balaa huanza pale rubani anaposhuka chini ya kimo alichoruhusiwa ilhali haoni kitu. Kwa mtambo wa kawaida wa kuongozea ndege kutua, kimo cha kuamua ni futi 200, na umbali wa kuona kwenye njia ya kurukia usipungue mita 550. Ndege inayoshuka kwa mwinamo wa nyuzi 3, kasi kilomita 220 kwa saa, ikifika futi 200 imebakiza kama mita 1,160 hadi pa kugusa chini. Hizo ni sekunde 19 hivi. Hapo rubani huinua macho kutoka kwenye vipimo kutafuta taa zilizotandazwa kabla ya njia, ambazo kwenye viwanja vikubwa huanzia mita 900 nje. Akiziona, aendelee. Asipoziona, atie nguvu apae papo hapo. Hakuna cha "tushuke kidogo tuone".

Cork walipaa salama mara mbili. Mara ya tatu walipita futi 200 wakiendelea kushuka, wakaghairi wakiwa chini ya futi 100. Rubani msaidizi ndiye aliyeshika usukani, mkuu wake akishika leva za injini, na leva hizo zilivutwa nyuma kupita kikomo cha angani. Sehemu hiyo ni ya kutumia ardhini tu, kwa sababu mapanga ya rafadha hulala bapa na kugeuka breki. Isitoshe, sensa mbovu ilikuwa ikiifanya injini moja itoe nguvu kuliko mwenzake, basi breki nazo hazikulingana pande mbili. Ndege ikalalia kushoto, nguvu ya kupaa ilipotiwa ikabingirika kulia, bawa likagusa njia, ikaishia kichwa chini miguu juu.

Kuhusu majaribio matatu, hakukuwa na sheria ya kuyakataza. Wachunguzi walipendekeza yawekewe kikomo, na sisi tunaona kikomo hicho kilichelewa. Ndege yenyewe haikuwa na rubani wa mitambo, yaani mtambo wa kuirusha ndege wenyewe, kila jaribio lilirushwa kwa mkono, na uchovu umetajwa katika ripoti.

SWALI: Hizo mita 550 zinapimwa na nani?

JIBU: Na vifaa vya mwanga vilivyosimikwa kando ya njia, kimo cha mita 2.5 hivi. Jihadharini na tarakimu hiyo: kifaa kinapima kwa ulalo pale chini, rubani anatazama kwa mshazari kutoka juu. Anaweza kuambiwa 550 na asione hata taa moja.

SWALI: Je, ni kweli baridi kali hudanganya kipimo cha kimo?

JIBU: Kweli kabisa. Hewa baridi hujibana, hivyo ndege huwa chini kuliko kipimo kinavyosema. Kadirio la marubani ni asilimia 4 ya kimo juu ya uwanja kwa kila nyuzi joto 10 chini ya kiwango sanifu, ambacho usawa wa bahari ni 15. Uwanja wa pwani ukiwa na baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kipimo kikisema futi 1,000, mko kama 880. Dawa ni kuongeza futi hizo 120 kwenye kimo cha chini kabla ya kuanza kushuka. Karibu na ardhi kosa hupungua.

Ila msilitupie kipimo kila lawama. Huko Hibbing, Minnesota, Marekani, tarehe 1 Desemba 1993, ndege ndogo ya abiria aina ya Jetstream 31 iligonga ardhi ikielekea kutua, wakafa wote 18. Rubani aliteremka zaidi ya futi 2,000 kwa dakika ili asikae kwenye mawingu yenye barafu, hesabu ya kimo ikawaponyoka. Ndege haikuwa na king'ora cha kuonya ardhi iko karibu. Bila king'ora, kinachobaki ni rubani asiyeendesha kutamka kimo kwa sauti, na kutamka tena kabla ya kile cha chini kufikiwa.