Kahawa na vidonge vya kuongeza damu havipatani

Huku kwetu Tanga, mtu akiambiwa ana upungufu wa damu, kahawa ndiyo inayolaumiwa kwanza: eti inakausha damu. Haikaushi. Inachofanya ni kuuzuia mwili usifyonze madini ya chuma, na bila chuma damu haitengenezeki ya kutosha.

Nililielewa hili vizuri mdogo wangu alipokuwa mjamzito. Damu yake ilishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, kiwango ambacho kwa kawaida mjamzito akiwa chini yake huhesabiwa kuwa na upungufu. Kliniki wakampa vidonge vya chuma, naye akavimeza kila asubuhi bila kukosa. Damu ikagoma kupanda. Ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyemuuliza, "Mwanangu, unamezea nini?" Alikuwa anamezea kahawa ya tangawizi. Akahamishia vidonge usiku, kwa maji na chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Kipimo kilichofuata kilitupa raha.

Kahawa ina polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea, ambazo hunasa chuma tumboni kikapita bure. Kinachonaswa zaidi ni chuma cha maharage, mchicha na matembele. Cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana. Na usikimbilie chai ya rangi, maana yenyewe huzuia zaidi ya kahawa. Kusubiri saa moja baada ya kula nako hakutoshi: ilipopimwa, kahawa ya saa moja baada ya mlo ilizuia chuma sawasawa na ile iliyonywewa pamoja na chakula, wakati ya saa moja kabla haikuzuia. Mimi nyumbani nimeweka muda wa saa mbili baada ya mlo.

Wajawazito wakumbuke pia kwamba kafeini hukaa mwilini mwao muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze.

Wenye tatizo la tezi ya shingo wanaotumia levothairoksini wameze kwa maji, tumbo likiwa tupu, kahawa ifuate baada ya nusu saa hadi saa moja. Ukiwa kwenye siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ini huchelewa kuivunja kafeini, hivyo kikombe ulichokizoea kinaweza kukupa mapigo ya moyo ya kasi na kukukosesha usingizi. Na siku ya kupima presha, usinywe kahawa nusu saa kabla.

Ukikabidhiwa dawa mpya dirishani, mwambie mfamasia kwamba unakunywa kahawa, na saa ngapi. Wengi hawaulizi mpaka uwaambie.