Mafuta ghafi huganda, hufyonzwa au hugandama?

Swali: Ninaandika kuhusu mafuta ghafi mazito yanavyong'ang'ania vyuma na mawe. Niliandika "huganda kwenye bomba", mhariri akageuza ikawa "hufyonzwa na bomba". Nani kapatia?

Jibu: Mhariri amekosea, nawe umekaribia. Kinachofyonzwa huzama ndani ya kinachokifyonza, na chuma cha bomba hakifyonzi mafuta. Molekuli hukaa juu ya uso wake zikajenga utando. Kwenye jiwe lenye vitundu mambo mawili huweza kwenda pamoja: jiwe hufyonza mafuta, na kuta za vitundu vyake hushikwa na utando uleule. Hapo "fyonza" ni halali, lakini kwa tukio la kwanza tu.

"Ganda" ina maana mbili, na ndiyo shida yake. Kupe huganda kwenye ngozi, sawa. Ila msomaji akisikia mafuta yameganda, anawaza baridi. Tena mafuta ghafi yana kitu kinachoganda kwa maana hiyo hasa, nayo ni nta: bomba likipoa huganda, likipashwa moto huyeyuka. Ukitumia neno hilohilo kwa asfalteni, sehemu nzito kuliko zote ya mafuta ghafi, nayo ndiyo hung'ang'ania chuma, umechanganya habari mbili.

Asfalteni haingoji baridi. Molekuli zake zina pete za kaboni zilizoungana zikawa bapa, pamoja na naitrojeni, salfa na oksijeni, na sehemu hizo huvutana na uso wa chuma, wa kwatzi (madini ya mchanga) au wa udongo wa mfinyanzi. Asfalteni huyeyuka katika kimiminika kiitwacho tolueni, lakini si katika kingine kiitwacho heptani. Ndiyo maana ukisuuza chuma kwa heptani utando unabaki palepale.

Kwa hilo mimi naandika "hugandama". Kile kiambishi -am- ni cha hali, kama katika "kwama" na "inama": kitu kimefika mahali kikatulia hapo. "Nata" nayo ni nzuri, ila hueleza zaidi tabia ya kitu chenyewe. Twasema "gundi hii inanata" bila kutaja imegusa nini.

Basi andika: "Asfalteni hugandama kwenye uso wa bomba." Ukihitaji nomino, tumia "kugandama" yenyewe. Usiandike "mgandamizo", kwa maana hilo latoka kwenye "gandamiza", yaani kubana kwa nguvu, na mhandisi atakayelisoma atadhani unazungumzia shinikizo ndani ya bomba.