DOKTA NISAIDIE: Jumanne CTC, Alhamisi presha, nauli inaniisha

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina miaka 47, niko Morogoro, natumia dawa za VVU tangu 2009 na nashukuru Mungu virusi havionekani. Mwaka jana nilimsindikiza mama kliniki ya presha, nesi akanipima na mimi kama utani tu, ikasoma 158 kwa 96, nikarudi siku nyingine bado iko juu nikaanzishwa amlodipine ya presha. Sasa CTC, ile kliniki ya VVU, ni Jumanne, presha Alhamisi, kote foleni toka saa 12 asubuhi, halafu CTC wananipa dawa za miezi 6 ila za presha nanunua kila mwezi. Na kule presha sijawaambia kama natumia ARV, yaani hizo dawa za VVU, kuna jirani yangu anafanya usafi pale. Je hizi dawa zinagombana? Na kwa nini wasinipime presha hukohuko CTC?
Mama wa Watatu

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la kugombana maana najua ndo linakunyima usingizi. Kama ARV yako ni TLD, kile kidonge kimoja kwa siku, haigombani na amlodipine, meza zote kwa amani.

Ila kuficha hapana. Kuna ARV zingine zenye ritonavir ndani, hizo zinafanya amlodipine ijae mwilini, miguu inavimba na kizunguzungu juu. Na hata hiyo TLD, kesho wakikukuta na sukari wakakupa metformin, TLD inaipandisha hiyo metformin mwilini, kwa hiyo metformin haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku, sasa daktari asiyejua unameza nini si atakuandikia 2,000 na wala kosa si lake? Mwambie ukiwa ndani mlango umefungwa, sio pale dirishani kwenye makadi ambapo kila mtu katega sikio. Na diclofenac za duka la dawa kila mgongo ukiuma acha, zinapandisha presha na zinachosha figo, na TLD ina tenofovir ambayo figo zako tayari zinaibeba.

Hilo swali la pili hata mi nauliza kila siku. CTC zilianzishwa wakati watu wanakufa, zikapewa rejista yake, chumba chake, dawa zake, moyo nani aliufikiria? Sasa watu wamekula dawa miaka 15, 20, wanazeeka vizuri tu, na anayeishi na VVU hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi ni karibu mara mbili ya mwingine. Na inawezekana kuunganisha, ilijaribiwa hapahapa Tanzania na Uganda kwenye vituo 32, matokeo yakatoka 2023: wenye VVU, presha na kisukari benchi moja, daktari mmoja, famasi moja. Virusi vilibaki chini kama kawaida, na wenye presha na sukari waliendelea kuja kliniki, tena walipotea wachache kuliko wale wa kliniki za kutengana. Na kwenye benchi la wote huyo jirani yako na fagio lake atajuaje nani kafuata nini?

Kituo chako kama hakijafika huko, we anza. Jumanne beba vidonge vyote na maboksi yake na daftari la presha, muombe nesi wa CTC akupime na aandike kwenye faili lako, halafu ulizia kama tarehe zinaweza kuwekwa siku moja na kama presha ikitulia wanaweza kukuandikia dawa za miezi mitatu. Ila upimwe vizuri basi: kaa dakika 5 kwanza, miguu chini, mkono wazi, mkanda wa mashine usiwe juu ya sweta au khanga, na usipige stori. Ukishuka tu kwenye bodaboda ukapimwa itasoma juu bure.

Halafu huyo mama uliyemsindikiza, yake ilisoma ngapi? Hujaniambia.