Sarafu za gemu zilivyomeza shilingi 7,480: je, simu ilidukuliwa?

SWALI: Habari yako, mhandisi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Tangu shule zifungwe nimekuwa nikipokea ujumbe wa benki kwamba kadi yangu imelipa Google: shilingi 130, 260, 650, na mara mbili 1,920. Nilipojumlisha nikapata malipo 14, jumla shilingi 7,480. Nikadhani simu imedukuliwa, maana nilikuwa nimeweka kila ununuzi uthibitishwe kwa alama ya kidole. Mwishowe kijana wangu wa miaka 12 akakiri kwamba alikuwa akinunua sarafu za gemu. Anasema hakujua pesa ni nyingi hivyo, nami namwamini. Alipitia wapi? Naweza kurudishiwa? Babake naye anasema heri acheze ndani kuliko azurure nje, kwa hivyo hataki nimkataze. Ubaya wenyewe uko wapi hasa? Bado ana sarafu 340 ndani ya gemu.

JIBU: Pole sana, mama. Simu yako haikudukuliwa. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya usalama, uhesabu alama za vidole zilizosajiliwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini utakuta na ya kijana. Wazazi wengi humsajilia mtoto kidole chake ili akifanya kazi za shule kwenye simu asiwasumbue kila mara wamfungulie. Hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi. Google Play ikitaka uthibitisho, huiuliza simu kama anayenunua ni mwenyewe, na simu hukubali kidole chochote kilichosajiliwa. Haijui kadi ni ya nani. Futa alama yake usiku huu, kisha ubadilishe nenosiri la akaunti yako ya Google, kwa sababu kidole kikikataa nenosiri ndilo huulizwa, na mtoto wa miaka 12 huwa amekwisha kukuona ukiliandika.

Kadi nayo iliingia lini? Pengine ulilipia nafasi ya kuhifadhi picha mara moja tu, ukasahau. Google huihifadhi kadi hadi uitoe. Nimefanya kazi ya kuunganisha malipo ya simu kwenye programu hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, na naweza kukuambia njia za kulipa hazifanani. Ukilipa kwa M-Pesa, ombi hutokea kwenye skrini na ni lazima uweke nambari yako ya siri. Kadi iliyohifadhiwa haiulizi nambari hiyo, wala malipo yanayokatwa kwenye salio la simu. Kwa nyumba yenye watoto, toa kadi, zima malipo ya salio, ubaki na M-Pesa peke yake, na nambari ya siri mtoto asiijue. Ikiwa umejiunga na Fuliza, jihadhari zaidi, kwa kuwa salio likipungua unaweza kujikuta umelipia gemu kwa mkopo.

Kuhusu kurudishiwa, usichelewe. Ingia Google Play kwenye kompyuta au simu, fungua historia ya maagizo, na kwa kila ununuzi utume ombi la kurudishiwa pesa ukieleza kwamba mtoto alinunua bila idhini yako. Kila agizo lina nambari inayoanza na GPA. Zinakili zote 14. Ununuzi ulio ndani ya saa 48 hushughulikiwa kwa wepesi zaidi. Ukipita hapo, mara nyingi unaelekezwa kwa kampuni iliyotengeneza gemu, na hapo jibu linategemea masharti yao. Waandikie hata hivyo. Jambo moja nakuomba: usiende benki ukasema kadi imeibwa. Haikuibwa, na benki ikiirudisha pesa hiyo kwa nguvu, kampuni ya gemu inaweza kuifunga akaunti ya mtoto na kila kilichomo, hata vile ulivyomnunulia kwa ridhaa yako. Waeleze benki ukweli ulivyo, kisha uwaulize wanaweza kukusaidia vipi.

Sasa nije kwenye swali la babake, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Yeye ana hoja: mtoto akiwa sebuleni unamwona. Lakini ubaya ninaouzungumzia hauko kwenye kucheza. Uko kwenye ile sarafu.

Fikiria kibanda cha PlayStation cha hapo mtaani. Mtoto anapewa shilingi 20 mkononi, anacheza mechi moja, sarafu inaondoka mkononi mwake na anaiona ikiondoka. Zikiisha anarudi nyumbani. Hakuna mwenye kibanda anayemwambia, "Kabla ya kucheza, badilisha shilingi zako ziwe almasi zangu, na almasi nauza kwa mafungu tu." Gemu za simu ndizo humwambia hivyo. Katika Fortnite sarafu inaitwa V-Bucks, katika Roblox ni Robux, katika Free Fire ni almasi, au daimondi kama watoto wetu wanavyozitamka. Majina ni tofauti, kazi ni moja: kumtenga mnunuzi na bei. Kasino zimefanya hivyo miaka mingi kwa vipande vya plastiki, kwa kuwa mtu huona uchungu zaidi kutoa noti kuliko kusukuma kipande cha plastiki mezani.

Tazama hesabu. Tuseme fungu dogo kabisa ni sarafu 500 kwa shilingi 650, na skini (vazi la mhusika wa gemu) ambayo mtoto anaitaka ni sarafu 800. Hawezi kununua 800. Ananunua mafungu mawili, shilingi 1,300, anabaki na sarafu 200. Sarafu 200 hazinunui chochote cha maana, lakini ziko pale kwenye kona ya skrini, zinamwita. Wiki ijayo inakuja skini ya sarafu 600. Anahisi amepungukiwa kidogo tu, ananunua fungu jingine, anabaki na 100. Kwa sasa ametoa shilingi 1,950, amepata vitu vya shilingi 1,820, na shilingi 130 zimelala ndani ya gemu bila njia ya kuzitoa. Mafungu hayo hayakukatwa hivyo kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa na mteja mmoja niondoe bei ya shilingi kwenye skrini ya mwisho ya malipo, ibaki idadi ya sarafu peke yake, kwa sababu watu wakiona shilingi wanasita. Nilikataa kazi ile, lakini sidhani alikosa mtu wa kuifanya.

Kwa hiyo kijana anaposema hakujua ni pesa nyingi, mwamini kama unavyomwamini. Mfumo ulijengwa ili asijue. Wewe mwenyewe, mtu mzima unayenunua mboga kila siku na kujua bei ya sukuma wiki ikipanda, ukiulizwa sarafu 340 ni shilingi ngapi, unaweza kujibu bila kikokotoo?

Gemu nyingine huongeza tabaka la pili: shilingi zinanunua fuwele, fuwele zinanunua tokeni, tokeni ndiyo inayofungua sanduku la bahati. Mwezi Januari 2025 tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni ya gemu ya Genshin Impact kuhusu mambo hayo hasa. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 20, kutowauzia walio chini ya miaka 16 masanduku ya bahati bila idhini ya mzazi, na kuonyesha wazi viwango vya kubadilisha sarafu zake. Miezi miwili baadaye, Machi 2025, mamlaka za ulinzi wa wateja za Umoja wa Ulaya zikatoa kanuni za mwongozo: bei ionekane kwa pesa halisi, na mtu asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji.

Masanduku ya bahati ndiyo yananikosesha usingizi zaidi. Mtoto halipii kitu, analipia nafasi ya kupata kitu. Skrini inang'aa, sanduku linatetemeka, linafunguka, ni takataka, anajaribu tena. Tuseme nafasi ya kupata kile anachokitaka ni asilimia 1. Mtoto atakuambia, "Nikifungua mia, lazima nipate." Si kweli. Kila sanduku halikumbuki lililotangulia. Darasa la watoto 40, kila mmoja akifungua masanduku 100, takriban 15 kati yao wataondoka mikono mitupu. Kila sanduku likiwa shilingi 100, mtoto wa namna hiyo ametumia 10,000 na hana kitu. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya aina hii yanayolipiwa ni kamari, na kampuni ya EA ikaacha kuuza nchini humo, mapema 2019, pointi za gemu yake ya mpira ya FIFA, zinazonunua masanduku hayo. Hapa kwetu tumeona jinsi kamari ya mpira ilivyowala vijana, kwa hiyo sihitaji kukueleza mazoea hayo yanaanzaje. Angalia kwenye gemu ya mwanao kama kuna kuzungusha gurudumu au kufungua masanduku kwa sarafu za kununua. Ikiwa ipo, hapo mimi ningeungana nawe dhidi ya babake bila kusita.

Na usidhani ni wewe tu uliyezembea. Desemba 2022 kampuni ya Epic, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 katika mashauri mawili ya FTC. Katika hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliokatwa pesa bila kukusudia. Tume ilieleza kwamba mpangilio wa vitufe ulifanya mtu akatwe pesa kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, hata wakati anaiamsha gemu iliyokuwa imelala, na kwamba watoto waliweza kununua V-Bucks bila mzazi kuulizwa. Kabla yake, mwaka 2014, Apple nayo ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5, kwa kuwa mzazi akishaweka nenosiri mara moja, mtoto alikuwa na dakika 15 za kununua bila kuulizwa tena. Pesa hizo zililipwa Marekani, hazitufikii sisi. Lakini zinaonyesha kosa lilianzia kwa nani.

Kuna jambo jingine watoto hawaambiwi: sarafu hizo si zao. Ukisoma masharti, kilichonunuliwa ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Apex Legends Mobile ilizimwa Mei 1, 2023, chini ya mwaka mmoja tangu itoke, na skini zote zilizonunuliwa zikazimika na seva.

Ukimfungia njia ya kadi, tarajia ajaribu njia ya pembeni, nayo ni mbaya zaidi. Mitandaoni kuna watu wanaouza almasi kwa nusu bei, unatuma M-Pesa na unawapa nenosiri la akaunti "wakuwekee". Wengine huchukua akaunti moja kwa moja. Wengine huweka almasi kweli, ila wamezinunua kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akilalamika, kampuni inazifuta, na akaunti ya mwanao inabaki na deni au inafungwa. Zile tovuti za "almasi za bure" ni mitego, nyingi zikiwa za kuiba nenosiri. Mwambie hayo kabla hajakutana nayo.

Kwa upande wa simu, mfungulie akaunti yake ya mtoto kupitia Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu za watoto, asitumie tena yako. Weka kila ununuzi uombe idhini yako. Utaona bei kwenye simu yako kabla ya kukubali. Ujue tu kwamba idhini hiyo inahusu malipo yanayopitia Google Play. Tovuti ya nje inayouza sarafu haiguswi. Kuna pia sehemu ya kuweka bajeti ya mwezi ndani ya Google Play, lakini hiyo inaonya tu, haizuii. Kama kuna iPhone nyumbani, zuio liko kwenye mipangilio, sehemu ya Screen Time.

Babake akitaka kijana aendelee kucheza, mwambie wewe pia unataka, ila kwa gemu inayonunuliwa mara moja kwa bei moja, au ile ya bure isiyouza sarafu. Jambo jingine, kabla ya kununua chochote, kijana aandike kwenye daftari bei yake kwa shilingi kwa mkono wake, akuletee. Mkae pia naye mfungue historia ya maagizo, aisome yote 14 kwa sauti, si kwa kumwaibisha, bali azione shilingi zilizokuwa nyuma ya zile sarafu. Usimchape kwa hili, tafadhali. Alichezewa na watu wazima wanaolipwa vizuri kwa kazi hiyo.

Kuhusu zile sarafu 340 zilizobaki: asizitumie kwanza. Sarafu ambazo hazijaguswa hukupa hoja nzuri zaidi ukiomba kurudishiwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha salio hilo pamoja na tarehe, uiambatanishe na barua yako kwa kampuni ya gemu, na gemu yenyewe ipumzike hadi wajibu.