Hilo jinamizi nnalijua

Mwanangu, waalaykum salaam,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikamsikilizisha na baba yako akacheka, usimkasirikie. Unauliza umpe au usimpe huyo bwana wa Muscat riali 40 akutoe jini linalokukaba usiku, mana unaamka huwezi kunyanyua hata kidole, kifua kizito kama umekaliwa, na mlangoni kuna mtu kasimama. Nitakujibu la riali, ila kwanza niache nikwambie la 1995, mana ndo lilonijia palepale uliposema mlangoni kuna mtu.

We ulikuwa hujazaliwa. Dada yako ana miezi 6, tunakaa Kikwajuni kwa bibi, chumba kile cha uani ambacho sasa ami yako kakijaza mafriji mabovu. Habari za Popobawa, lile jini la mabawa linalowaingilia watu usiku, zilianzia Pemba mwezi wa Ramadhani, zikavuka bahari zikaja Unguja. Mambo yake unayajua, siyaandiki hapa. Ila kuna kimoja watu wanakisahau: akishamaliza alikuwa akikuamrisha ukawaambie wenzako, usipowaambia anarudi. Hebu fikiria. Si ndo zile meseji za watsapu, tuma kwa watu 10 usipotuma utapata msiba? Sisi ndo tulikuwa watsapu yenyewe, kwa miguu.

Basi mtaa mzima tukawa tunalala nje. Mikeka, moto, kahawa, redio, na nisiwe muongo, ilikuwa raha, watu waliokuwa hawasemezani kwa kesi ya ukuta wakawa wanalala mkeka mmoja. Mwaka wenyewe wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kwa hiyo midomo ndo usiseme, huyu anasema kaletwa na wale, wale wanasema kaletwa na hawa. Ukiuliza nani kamuona, unaambiwa jirani wa wifi yake fulani. Mie siku zote nasema habari isokuwa na mwenyewe si habari, na wakati ule nilikuwa nikisema kwa jeuri khasa, mpaka mwenyewe nikawa mie.

Usiku mmoja mvua ikanyesha tukaingia ndani. Nimelala chali, dada yako ubavuni, nikafumbua macho. Naona kila kitu, chandarua, kandili, kanga zilotundikwa mlangoni. Mwili sina. Kitu kimenikalia kifuani na nasikia mabawa, wallahi nilisikia. Nataka kusoma Ayatul Kursi, ulimi haugeuki. Labda hata dakika haikufika. Mara mwili ukarudi, nikatoka mbio na mtoto napiga kelele kaja, kaja!

Bibi yako, Mungu amrehemu, alinitazama tu. "Ulilala chali?" Nikamwambia ndio. "Hilo jinamizi. Mie linanikamata tangu niko mwari."

Mana neno tulikuwa nalo! Kabla ya hapo watu walikuwa wakikabwa na jinamizi na asubuhi wanakunywa chai yao. Mwaka ule ndo likapewa jina jengine, likaota na mabawa. Lakini nani alimsikiliza bibi, mtaa ushaamka, na mie ndo nilokuwa na habari yenye mwenyewe.

Siku ya tatu yake, hata adhana bado, kijana wa bekari akapita na baiskeli, tenga la boflo nyuma, unga mweupe mikononi mpaka kwenye nyusi. Mtu akauliza nani yule, mwengine akasema si yule mwanamke wa chumba cha uani alisema alikuwa mweupe. Sikusema mweupe! Sikusema rangi yoyote mie. Wakampiga. Mpaka akatoka mzee mmoja anakwenda msikitini akapaza sauti, nyie, mtoto wa bekari huyu, mnakula mikate yake kila siku. Boflo zishakanyagwa mchangani, kijana anaokota moja moja anapangusa. Yeye kapona. Mwaka ule ule hapa mjini mtu mgonjwa wa akili aliuliwa na umati kwa kudhaniwa ndo Popobawa.

Dada yako alipokwenda kusoma uuguzi ndo akanieleza, usingizi wa ndoto misuli hufungwa ili usipige mateke kwa unayoyaota, mara nyengine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto inaendelea macho yako wazi. Huja zaidi ukilala chali au usingizi ukikatikakatika. Nikakumbuka, Ramadhani, daku, kisha kukesha nje wiki nzima. Tulikuwa hatulali kwa kumuogopa, na kwa kutolala ndo akazidi kuja. Akanambia Wajapani wanaliita kanashibari, na huko Newfoundland, Canada, wanaona kizee kimewakalia kifuani. Nikamuuliza, na mabawa? Akasema mama, si ulikuwa ushasikia habari zake kabla hujalala?

Sasa usije ukasema mama kawa mzungu. Majini yapo, yametajwa kwenye Qur'ani, siwezi kukanusha wala sitaki. Lakini huyo bwana kajuaje lako ni jini na hata hajakuuliza unalala saa ngapi? Au namkosea? Wapo walosomewa wakapona, shangazi yako mmoja wao. Ila jinamizi huondoka na lenyewe, sasa utajuaje nini kilolitoa. Muulize likirudi baada ya kulipa atasema nini. Akisema hilo jini la pili, riali 40 nyengine... haya, sikuamulii, nanyamaza. Pesa zako.

Wewe uko shifti ya usiku, unalala saa 3 asubuhi chumba cha watu 6. Lala ubavu wa kulia, ndo sunna yenyewe. Andika kwenye simu kila siku likikukaba, ulilalaje, saa ngapi, wiki tatu kisha nipigie. Likizidi nenda kwa daktari, kabla ya huyo bwana au baada yake, shauri yako.

Yule kijana wa bekari sasa ana duka lake, ana mvi. Hajui kama ni mie. Au anajua. Juzi nikaenda nikanunua boflo mbili, nikampa noti ya 10,000, nikaondoka bila ya chenji makusudi. Sijafika barabarani nasikia naitwa, "Mama, chenji yako!"