Usingizi wa Jumanne

Mzee mmoja alikuwa akija ofisini kwangu kila Jumanne saa nane mchana, na ikifika saa nane na robo mimi tayari napigana na usingizi. Nilijifinya paja chini ya meza. Nikalaumu wali maharage wa kantini. Nikamhamishia saa tatu asubuhi, na usingizi ukahama naye.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hospitalini, huu mwaka wa kumi na moja. Nilipoanza kazi niliamini hisia zangu naziacha mlangoni pamoja na mwavuli. Freud naye, yule daktari aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa mazungumzo, alipoliandika jambo hili mwaka 1910 kwa jina la kauntatransferensi, yaani hisia zinazomwamkia mtabibu akiwa na mgonjwa, aliliona ni kitu ambacho mtabibu anapaswa kukitambua ndani yake na kukishinda. Mwaka 1950 Paula Heimann, mtabibu wa fani hiyo hiyo aliyekuwa akifanya kazi London, akaligeuza: unayoyahisi ukiwa na mgonjwa ni chombo cha kumwelewa. Mimi niko upande wa huyu mama, ila nina sharti langu.

Msimamizi wangu alinisikiliza nikilalamika, akauliza, "Unasinzia na nani mwingine?" Nikafikiri. Hakuna. "Basi angalia unaanzia wapi."

Jumanne iliyofuata nikaangalia. Ulianzia pale mzee alipofika kwenye msiba wa mwanawe. Aliusimulia kwa sauti ile ile aliyonielezea bei ya dawa zake za presha. Sikumwambia kwamba ananisinziza, Mungu apishe mbali. Nilisema, "Mzee wangu, naona tukifika kwa marehemu mazungumzo yanapoa, na mimi napoa nayo. Au kuna kitu tunakizunguka?"

Alivua kofia, akaiweka magotini, akawa anafuata tarizi kwa ukucha, tundu moja baada ya jingine. Nikanyamaza. Nilitamani sana kusema neno, nikanyamaza. Kisha: "Binti yangu, siku ya kuzika watu walinisifu nimejikaza. Sasa sijui pa kuachia." Siku hiyo sikusinzia hata kidogo.

Sharti lenyewe nilijifunza kwa kuharibu. Kabla ya mzee huyu nilikuwa na mama kijana ambaye mumewe alikuwa hatoi matunzo ya watoto. Alivyosimulia, damu ilinichemka, nikaropoka: "Hata mimi nimekasirika! Mwanaume gani huyo?" Nilidhani namuunga mkono. Uso ukambadilika, akaanza kumtetea mumewe: si mtu mbaya, ni kazi tu hazieleweki. Tukamaliza kikao yeye ndiye anayenipoza mimi. Hakurudi tena. Baba yangu alimwachia mama watoto watano na deni la duka. Nilikuwa namjibu yeye, na hakuwemo chumbani.

Kwa hiyo hisia ikikujia, ulizia kwanza ni ya nani. Mimi nina daftari dogo, mbali kabisa na faili la mteja (faili linaweza kuitwa mahakamani, na halihusiani na mambo ya nyumbani kwetu). Kikao kikiisha naandika mistari mitatu bila jina: nimehisi nini, tulikuwa tunazungumzia nini, na nani mwingine aliwahi kunifanya nihisi hivi. Mstari wa tatu ndio unaouma. Jibu likiwa ni baba, dada au mume, mteja hahusiki, nabeba mwenyewe. Jibu likiwa hakuna, basi huenda yeye ndiye ameleta habari, na hata hapo naitumia kuuliza swali, simtupii kama hukumu.

Chunga na mkono. Ukijikuta unafungua pochi kumpa mteja huyu nauli ambayo wengine kumi hukuwapa, au unampa namba yako binafsi, au unamwongezea robo saa foleni ikiwa nje, usijisifu kwa huruma. Andika. Kama huna msimamizi, na wengi wilayani hawana, tafuta mwenzako mmoja wa kukuuliza maswali mabaya. Mtoto akiwa hatarini, daftari lisubiri: Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania inadai taarifa itolewe, uwe umehisi kitu au hukuhisi.

Daftari la sasa ni la nne. Juzi nimeona neno "haraka" limejirudia kurasa tatu, zote za mteja mmoja. Mstari wa tatu kote mtupu. Anakuja kesho asubuhi.